Komeo la Banda la Chiriku

Komeo lilikuwa la mlango wa ghala. Esteri alilitambua mara tu mumewe, Nduwayezu, alipolitoa mfukoni na kuanza kulipigilia kwenye mlango wa banda la ndege, upande wa nje.

"Baba Dorcas, chiriku wa kuenea kiganjani unawafungia kwa chuma hicho?"

"Nataka lifunge kweli," alijibu bila kugeuka. "Mlango usifunguke kutoka ndani, hata ukisukumwa."

Ukisukumwa na nani? Esteri hakuuliza. Jibu lilikuwa jikoni, likichambua maharage: mama mkwe wake, Bibi Niyubahwe.

Pale kijijini, nje kidogo ya Kibondo, mzee kutoweka nyumbani si jambo geni. Wazee waliovuka kutoka Burundi na watoto mgongoni, wakalima, wakapata uraia, wakazeeka, ikifika siku mtu anaamka tu na kushika njia ya Mabamba, mpakani, kurudi kwao. Haagi. Kwa hiyo mwezi uliopita, Bibi Niyubahwe na mwanawe walipotoweka mchana kutwa, hakuna aliyeuliza mara mbili. Bibi kwao kunamwita, watu walisema, na mwanawe kamfuata.

Jumatano wakatoweka tena. Hilali wa bodaboda ndiye aliyewarudisha, kawapakia mshikaki, wote wawili nyuma yake. Bibi viatu miguuni, sweta la mwanawe begani. Nduwayezu pekupeku, suruali imelowa hadi magotini.

"Nimewakuta karibu na mto," Hilali alisema. "Bibi kamng'ang'ania mzee mkono, hataki kumwachia. Pole sana, shangazi."

Jioni ile Esteri alimkanda mama mkwe miguu kwa maji ya moto, akamuuliza kwa upole alikuwa anakwenda wapi. Bibi alitazama sakafu.

"Nilikwenda tu, mwanangu," alisema.

Kesho yake Nduwayezu akaanza kuchimba mashimo ya nguzo.

Banda! Miaka yote chiriku wake sita walikaa kwenye tundu la matete pale barazani, na yeye akiketi mbele yao alisahau hata kula. Leo ghafla anataka banda la wavu la hatua nane kwa sita, bati juu, mlango wa kupita mtu mzima wima. Alichimba kama anayefukuzwa. Alihesabu nguzo, akaziandika namba kwa mkaa, akarudi kuzihesabu tena. Alikwenda mjini kununua wavu dukani kwa Khatibu, akalipa, akarudi mikono mitupu. Ikabidi Khatibu ampe Hilali mzigo aulete nyumbani. Haraka yote hiyo ya nini?

Halafu asubuhi hii akaingiza bandani benchi lenye egemeo, na juu yake blanketi. Loh! Hapo ndipo Esteri alipoelewa.

"Benchi la nini, Baba Dorcas? Ndege nao wanaegemea?"

Nduwayezu aliacha kupigilia. "Mtu akikaa humu na ndege, mpita njia ataona anafuga. Hakuna wa kucheka. Ukimfungia mtu chumbani, kijiji kizima kitajua."

Damu ilimpanda Esteri kichwani. Kumbe ameshapanga mpaka na uongo wa kuwaambia majirani! Mwanamke aliyembeba mgongoni kuvuka mto, risasi zikilia nyuma yao, leo anatiwa kwenye wavu kama kuku. Mwanamke aliyemlea Esteri uzazi wa Dorcas, siku arobaini, bila kununa hata siku moja.

Alikwenda ghalani, akarudi na panga.

"Nasema wazi, usije ukasema hukusikia. Mama haingii humo mimi nikiwa hai. Wavu huo nitaukatakata, halafu nampigia Dorcas huko Kasulu aje amchukue bibi yake!"

Nduwayezu alimtazama. Aligeuka, akachukua tundu la matete, akalifungua ndani ya banda. Chiriku walitoka mmoja mmoja, wakajazana kwenye kijiti cha juu wakipiga kelele.

Mlango wa jikoni ukalia. Bibi Niyubahwe alitoka amevaa viatu vyake, sweta la mwanawe begani, akaja moja kwa moja hadi bandani. Alikuwa amepinda kwa uzee. Komeo lilikuwa juu ya kichwa chake.

Esteri alimkimbilia, akamshika mkono. Panga lilikuwa mkono wa pili na machozi yalikuwa yanamtoka ovyo.

"Mama, nakuomba, usiingie. Nitakulinda mimi. Haki ya Mungu, nitakulinda."

Bibi aliutoa mkono wa mkwewe taratibu, kidole kimoja kimoja. Hakuonekana kuogopa. Alionekana amechoka.

Nduwayezu akaingia tena bandani, wima, akaketi kwenye benchi. Chiriku wakanyamaza. Mama yake alimpa sweta, akamfunga vifungo mpaka cha juu kabisa, akatoka. Akavuta mlango, akajinyoosha, akasukuma komeo, akabana kufuli.

Kisha akalichukua panga mkononi mwa Esteri, na mahali pake akaweka ufunguo.

"Jumatano nilimkuta maji yameshamfika magotini," alisema. "Mimi miguu imeisha nguvu, mwanangu. Sasa mlinde wewe."