Tofali la Miguuni

Harufu ya sufu inayoungua ilimfikia Ambakisye kabla hajamaliza kujisifu. Asubuhi hiyo, umande ukiwa umeganda kwenye majani, alijisukuma kwa kiti chake cha magurudumu hadi jikoni, akachomoa kwa koleo tofali la moto la kupashia miguu, akalizungushia kanga na kuliweka miguuni, chini ya blanketi. Dada yake, Tusekile, alikuwa nje akichanja kuni. Kila siku Tusekile hukawia na tofali lile kama anayelibembeleza lilale. Leo akute kazi imekwisha.

Sasa moshi mwembamba ulipenya blanketini, na miguu haikuwa na habari. Haikuhisi kitu tangu ajali. Ambakisye aliogopa kufunua.

"Tuse! Tuse, njoo!" Sauti ilimtoka kama ya mbuzi.

Tusekile akaingia mbio, akavuta blanketi, akalipiga teke tofali.

"Nani kaliweka?"

"Mimi."

"Ulilipima?"

"Kwani linapimwaje?"

Tusekile alipandisha mkono wa sweta hadi juu ya kiwiko, akapiga magoti na kushika mkasi.

"Usitikisike, kaka."

"Iambie miguu yenyewe." Alijaribu kucheka, meno yakagongana.

Hakuthubutu kuutazama mguu. Akautazama mkono wa dada yake. Upande wa ndani, penye ngozi laini, palikuwa na alama za moto, za zamani zimefifia, ya juzi bado nyekundu, zimefuatana hadi kiwikoni.

"Dada," akasema.

Mkasi ukaanza kukata soksi, taratibu, kuanzia juu.