Nyumba ya Calvince

Okinyi aliing'oa nguzo waliyotoka kuisimamisha, akaitupa kando.

"Huu ni mkaratusi. Mchwa wataumaliza kabla ya Krismasi. Nilisema mti wa siala."

"Siala tutaitoa wapi, Mzee?" Mark akauliza. Mark ni jirani, fundi wa mabati. "Watu walishakata yote wakachoma makaa. Na Calvince anafika kesho."

Hapo ndipo Okinyi alipokabwa. Mwanawe anarudi kutoka Kisumu na hana nyumba kwenye boma la babake. Upande huu wote wa Sondu, nyumba za udongo zilizonyooka alizijenga Okinyi. Leo mtoto wake mwenyewe apewe kibanda?

Akachota udongo, akaufinya. Maji yakamtiririka mkononi.

"Huu ulale kwanza, ushike."

"Tupake tu, Mzee. Ni usiku mmoja."

"Hata usiku mmoja, mwanamume mzima halali nyumba ya babake. Na nyumba ni nyumba."

Mark akaangalia pembeni. Alikuwa ameleta mabati. Kuezeka nyasi hakujua, na kijijini hakubaki fundi mwingine wa kumsaidia mzee.

Waswa alikuwa akishikilia fito kwa mkono mmoja, ule mwingine umefungwa bandeji. Yeye na Calvince walikuwa wakijenga gorofa pamoja, karibu na Kibuye, kule Kisumu.

"Nyinyi huko mjini mnangoja kitu kikauke?" Okinyi akamuuliza.

"Kungoja? Konkriti tunamwaga Jumatatu, Jumatano mbao za kuishikilia kwa chini zinatolewa. Mwenye jengo anataka wapangaji."

"Na Calvince alinyamaza? Mimi nilimfundisha."

"Hakunyamaza, Mzee. Aliambiwa apande juu ama aende nyumbani."

"Akafanya nini?"

Waswa akainamia fito zake. "Akapanda."

Wakapaka udongo mbichi, wakapigilia mabati. Turubai lilikuwa limeshafungwa uani, na Milka, mke wa Okinyi, alikuwa na wanawake wenzake kwenye masufuria makubwa. Jioni ukuta wa nyuma ukaanza kubonyea. Okinyi akauegemeza kwa ile nguzo aliyoitupa.

Kesho yake gari likaingia kinyumenyume mpaka mlangoni. Wakafungua nyuma. Okinyi akasogea na, kwa mazoea tu, akapitisha kidole gumba kwenye pembe ya jeneza la mwanawe.

Hakuna msumari. Gundi tupu.