Saa Kumi na Moja Hewani

Dalali wa magari aliupiga teke mlango wa ofisi ya tiketi, akaipita foleni ya watu wawili na kuinama juu ya meza.

"Mke wangu yuko wapi?"

Mkata tiketi akajitia hamnazo. "Mke wako nimjulie wapi, kaka?"

"Usinichezee. Hilo gauni kalishona yeye. Hiyo kola ya maua naijua." Aliishika kola kwa vidole viwili. Wale wateja wawili wakakumbuka shughuli zao, wakatoka.

Ilikuwa siku ya nne tangu mkewe aondoke na nguo alizovaa tu. Dalali hakuwa na huzuni hata chembe. Alikuwa na hasira, maana majirani walishaanza kumcheka pembeni. Cherehani ya mke, kazi yake na riziki yake, alikuwa ameifungia chumbani na ufunguo anatembea nao mfukoni. Bila cherehani atakula mawe, alijisemea. Atarudi kwa magoti, na akirudi atanitambua.

"Ana dada yake ng'ambo," alisema. "Kaenda huko, siyo?"

Mkata tiketi aliinamisha uso. "Kaka, mimi nina watoto. Usije ukasema nimekwambia mimi."

Dalali alicheka kwa dharau. Watu wa kutishwa kidogo tu, wanatapika yote! Akatupa pasipoti mezani, ina viza ya safari zake za kununua magari. "Nikatie tiketi. Leo leo."

"Ni mbali, kaka. Kilomita elfu tisa."

"Hata iwe mwezini. Nitamburuta kwa nywele mpaka nyumbani."

Vidole vya mkata tiketi vilikwenda haraka kwenye kompyuta. "Ipo ya moja kwa moja. Saa kumi na moja."

"Nisubiri mpaka jioni?"

"La, inaondoka saa nane mchana. Hizo kumi na moja ni za hewani. Ila kurudi ni mpaka Ijumaa, haiji kila siku."

"Zinanitosha." Alilipa, kisha akamnyooshea kidole usoni. "Ukimpigia simu kumwonya, nikirudi naanza na wewe."

"Simpigii," alisema mkata tiketi, akichukua mkoba wake. "Leo hata ofisi nafunga mapema."

Saa nane ilimkuta dalali kwenye kiti cha dirishani, mkanda kiunoni. Milango ilifungwa, ndege ikaanza kutambaa. Alikuwa anajichekea peke yake, akipanga atakavyobisha hodi kwa dada mtu, ujumbe ulipoingia kwenye simu. Ulitoka kwa jirani yake.

"Kaka, kumbe mmeshapatana, ndiyo kuhama kimyakimya bila kuagana? Nimemkuta shemeji anapakia vitu kwenye pikapu, anasaidiwa na dada mmoja mwenye gauni la kola ya maua. Kasema umesafiri na ufunguo, basi nikawaitia fundi wa kufuli. Cherehani ndiyo imetoka ya kwanza. Huko mnakohamia ni wapi?"

Dalali alifungua mkanda, akasimama. Mhudumu wa ndege akamkalisha taratibu, mkono begani.

"Keti, baba, na simu uzime. Saa kumi na moja si nyingi. Utasinzia kidogo tu, tumefika."