Kovu la Luciana

Mfuniko wa sufuria uligongagonga jikoni, ti-ti-ti, na nje giza lilikuwa bado halijaondoka. Luciana hakuutazama. Alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga, mkono wa kushoto ameukunjua, wa kulia umeshika kijinga cha moto. Akakisogeza taratibu hadi chini ya kiwiko. Joto lilipoanza kuuma, akakirudisha.

Kidonda kibichi si kovu. Hata mtoto angejua.

"Maji yanakauka," alisema Adolfu, mumewe, akiwa mlangoni.

Luciana alishtuka, kijinga kikamponyoka. Adolfu alikiokota, akakirudisha mafigani. Tangu jana jioni, katibu wa kijiji alipowasomea ile barua, alikuwa hajasema maneno matano. Sasa alivua sweta lake, akamvika mkewe, akavuta mikono yake mirefu mpaka ikafunika vidole.

"Baridi ya mwezi wa sita hii. Usilivue leo."

Akatoka kwenda kupasua kuni za mgeni.

Barua ilikuwa fupi, na aliyeiandikisha angefika leo kwa lori. Mama mmoja wa Mwimbi, kipofu, alisikia kwamba katika kijiji hiki kipya cha ujamaa ameandikishwa mwanamke aitwaye Luciana, mzaliwa wa Mwimbi. Luciana wake alitoroka nyumbani akikimbia kuozwa kwa mzee, yapata miaka kumi na miwili sasa. "Binti yangu ana kovu la moto chini ya kiwiko cha kushoto," mama alikuwa ameandikisha. "Akiwa nalo, nitahamia kwake. Kama hana, aulizwe jina la mwanangu amelitoa wapi."

Nalo alikuwa amelitoa kaburini.

Jina alilozaliwa nalo lilikuwa Matanga. Baba yake alikufa siku ile ile alipozaliwa, wakamwita hivyo, na tangu hapo kila mtoto alipougua kijijini watu waligeuka kumtazama yeye. Alipofika miaka kumi na minne akakimbia. Njiani akakutana na msichana wa rika lake, Luciana. Walikula ugali mmoja wa ulezi, wakajifunika blanketi moja. Siku ya tatu Luciana akashikwa na homa, na watu wema wa kando ya njia wakawapokea. Hakuamka. Wenye nyumba walipouliza marehemu anaitwa nani, aliyebaki alijibu, "Matanga." Kisha akaenda mpaka kwa masista wa Kaengesa. Nao walipomuuliza jina, akajibu, "Luciana."

Nani angeamini kwamba hakumuua? Mtu mwenye jina la msiba, aliyelala na marehemu blanketi moja?

Jua lilipochomoza, lori likaingia. Selemani, dereva kutoka mjini, aliruka chini akicheka. "Haya, mpokeeni bibi yenu! Njia nzima ni Luciana, Luciana, mpaka gia nazisahau!"

"Wewe nawe unaendesha kama unakimbia deni," alimjibu bibi aliyekuwa ndani ya lori, na watu wakacheka. Adolfu alimshika mkono, akamteremsha polepole, akamtandikia gunia akae.

Luciana alisogea mbele. Akapiga magoti. "Shikamoo, mama."

 Bibi aliinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. "Marahaba," alisema mwishowe.

Katibu, Oswaldi, alifungua daftari. "Sasa, Mama Luciana, tumalize kazi. Binti, vua sweta tuone hilo kovu."

Luciana aliishika mikono ya sweta. Adolfu alipiga hatua moja mbele, akasimama.

"Avue mbele ya wanaume wote hawa?" Bibi akang'aka. "Wewe katibu ulilelewa na nani? Macho sina, mikono ninayo. Nitampapasa mwenyewe."

Akaingiza mkono ndani ya sweta. Dole gumba likapanda kutoka kwenye kifundo, likafika chini ya kiwiko, likasimama. Likashuka. Likapanda tena. Luciana alifumba macho. 

"Hili hapa," alisema bibi. "Andika, katibu. Huyu ni mwanangu."

Wanawake wakapiga vigelegele. Luciana alianguka kifuani mwa bibi akalia, na watu wakasema ni furaha. Moyoni alikuwa akimshukuru Mungu kwa ile mikono iliyokomaa kwa jembe. Ilikuwa imekufa ganzi, labda ilipapasa mkunjo tu wa sweta.

Mchana Luciana akampeleka bibi kwenye nyumba ndogo aliyopewa na kijiji, akamwashia moto, akamwekea uji na ungo wa ulezi wa kusaga. Bibi hakutaka kukaa bure. Akauweka ungo mapajani, akaanza kuchambua. Vidole vyake vilitembea juu ya ulezi, vikachukua kijiwe, kisha kingine, vijiwe vidogo kama ulezi wenyewe, akivitupa kando kimoja kimoja. Hakutupa hata punje moja.

Luciana aliviangalia vile vidole. Havikuwa na ganzi. Akaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni.

"Unakwenda?" bibi aliuliza bila kuacha kuchambua.

"Ndiyo, mama. Nikapike."

"Nenda, mwanangu. Lakini kesho uje tena, uje peke yako. Uje unionyeshe njia ya kwenda alikozikwa Luciana."