Kipande cha Baba

Mwanangu Scola alipomaliza kunilisha keki akiwa amepiga magoti, mshereheshaji akatangaza, "Sasa bibi harusi amlishe baba yake mzazi." Nikabana meno.

Keki hiyo niliioka mwenyewe kwenye sufuria, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko. Niliweka unga wa kastadi ili iwe laini, isikauke mpaka jioni. Moshi niliukohoa peke yangu, kama nilivyomlea Scola peke yangu.

Mwanaume huyu alituacha akahamia Migato kwa mwanamke mwingine. Amerudi juzi tu, aliposikia ng'ombe wa mahari wameingia zizini kwa kaka yangu. Leo amekalia kiti cha mbele, kavaa suti, anapungia watu mkono bila haya.

Scola akachoma kipande kwa kijiti. Kilikuwa na unyevu mpaka makombo ya njano yakamganda vidoleni. Akamsogelea. Mwanaume akafumba macho, akafungua mdomo.

Ukabaki wazi.

Mwanangu alikuwa amegeuka, amepiga magoti tena mbele yangu.

"Kile kilikuwa cha mama," akaniambia. "Hiki ni cha baba. Kula."