Koboko wa Watu Thelathini na Wanane

Watu thelathini na wanane walikuwa wamekwisha kuandika "koboko" chini ya picha ya nyoka mtandaoni, wala hata mmoja wao hakumwona nyoka mwenyewe. Mwalimu Yunisi, aliyekabidhiwa kuhakiki picha za wanyama wanazotuma wakazi wa mji, aliagiza nyoka aletwe. Diwani Mbaruku akamtupa mezani, wa kijani, kichwa kimepondwa kikawa uji.

"Thibitisha tu, Mwalimu. Tunakichoma kichaka chote cha mtoni."

"Mmekiponda kichwa, kisha mwaniuliza jina?"

"Watu wote wamekubali!"

"Hata wewe, Mheshimiwa, walikukubali wote."

Cheko likaripuka kwa watu waliojazana mlangoni. Mwalimu akalipasua tumbo la nyoka kwa wembe, pasipo haraka, akawatoa vyura wawili na kuwalaza juu ya karatasi.

"Koboko hali vyura. Huyu ni ukukwi wa majini, hana sumu. Kichaka kiacheni."

"Ungesema mapema, Mwalimu," Diwani alijibu, akitazama dirishani.

Upande wa mtoni ndege waliruka wote kwa pamoja, na wale waliokuwa wakicheka wakageuka kunusa hewa.