Upande wa Abiria

Kibwana alishika msumeno wa chuma, tayari kukata dashibodi ili ahamishie usukani kulia, kama magari yote ya mji ule. Gari lilikuwa la Kimarekani, la zamani, lenye injini ya kutikisa madirisha, na alikuwa akilifufua mwenyewe uani kwake. Alipobandua zulia la upande wa abiria, akashangaa. Bati lilikuwa limelika na kung'aa, mahali padogo tu, kama unyayo.

"Tunu, hebu njoo! Hapa hapajawahi kuwa na pedali. Nani alikuwa anakanyaga?"

Mkewe akainama, akapagusa. "Mtu aliyekuwa anaendeshwa," akasema. "Alikuwa akifunga breki isiyokuwepo."

Kibwana akacheka. Tunu hakucheka. Tangu aanze kumshikia taa na spana, kila alipoomba aliendeshe japo hadi getini, aliambiwa kesho.

Kibwana akautazama tena ule mng'ao. Akaweka msumeno chini, akampa mkewe funguo, akazunguka, akaketi kulia.

Injini ikanguruma, kuku wakatawanyika. Gari likaanza kurudi nyuma kuelekea getini, na mguu wa Kibwana ukashuka wenyewe palepale bati lilipong'aa, ukakandamiza.